Kuupanda Mto Zigi na sinia jeupe: siku saba za kutambua trikoptera

Siku ya 1: Muheza

Vifaa vyote vilimwagwa juu ya turubai na kuhesabiwa kabla ya kupakiwa, maana kushuka kutoka Amani, huko juu kwenye milima ya Usambara, kufuata chupa moja iliyosahaulika ni kupoteza siku nzima. Wavu wa mpini wenye tundu za mikromita 500. Masinia mawili meupe, yale ya jikoni. Koleo laini za chuma chembamba, lenzi ya mkono inayokuza mara 10, sindano zilizochomekwa kwenye vijiti, visu vya kubandua, chupa ndogo za mililita 20, penseli na karatasi nzito isiyolainika kwa maji. Shuka jeupe, taa ya urujuanimno ya wati 8, betri ya volti 12. Kibali cha utafiti cha COSTECH (Tume ya Sayansi na Teknolojia) na ruhusa ya TFS (Wakala wa Huduma za Misitu) vilikaa kwenye mfuko wa nailoni juu kabisa, vitoke haraka getini.

Kilichotuchelewesha ni ethanoli. Iliyopatikana ilikuwa ya asilimia 96, na kwa kuangalia umbo la mdudu inatakiwa ya asilimia 80. Hesabu yake ni nyepesi: vikombe vitano vya ethanoli kwa kikombe kimoja cha maji safi. Ile kali humkausha lava, miguu ikawa inakatika kwa kuguswa tu. Iliyopungua chini ya 70 humwacha aoze tumboni. Ya 96 ilibakizwa kidogo kwa sampuli za DNA. Spiriti yenye rangi haifai kwa kazi hii, kwa sababu rangi hupenya mwilini, na mabaka ya kichwani ni sehemu ya unachokuja kukisoma.

Kwa asiyewafahamu: trikoptera ni mdudu anayeishi majini akiwa lava, yaani mtoto asiye na mabawa, akafuma hariri kutoka mdomoni, ama kujijengea kijumba cha mchanga au majani, ama kutega wavu kwenye mkondo. Akikomaa huruka usiku na kuzunguka taa, na watu humwita nondo. Jina la oda yake, Trichoptera, limetokana na maneno ya Kigiriki ya nywele na bawa, na hapo ndipo anapoachana na nondo: bawa la nondo limefunikwa magamba yanayobaki kidoleni kama vumbi, la trikoptera lina nywele. Pia hana ule mrija wa kunyonyea unaojikunja kama springi ya saa ya zamani. Spishi zinazojulikana duniani zimepita 16,000.

Idadi hiyo ndiyo inayotufanya tuwe wakali juu ya neno "spishi" kabla hata ya kulowa miguu. Lava hukufikisha kwenye familia, mara nyingi kwenye jenasi. Jina la spishi liko kwenye ncha ya tumbo la dume aliyekomaa. Anayeandika jina la spishi kwa kuangalia lava wa mto wa Usambara anabahatisha, labda kama lava huyo alishaunganishwa na dume wake. Safari ilipangwa kwa kazi hiyo: kutwa kukusanya lava, usiku kukamata waliokomaa, halafu kutafuta pupa, aliye katikati ya lava na mkomavu, anayewaunganisha.

Siku ya 2: Zigi ya chini

Barabara ya Amani hupita kwenye mashamba ya mitiki ya Longuza kabla ya kuufikia msitu wenyewe. Sehemu ya kwanza ilichaguliwa chini ya geti la Zigi, penye mawe ya ukubwa wa kichwa cha mtu na maji ya magotini yanayokwenda mbio. Haya ndiyo maji yanayoshuka hadi bwawa la Mabayani na kunywewa Tanga mjini.

Wavu unasimamishwa kinywa kikitazama maji yanakotoka. Mtu mmoja anasimama mbele yake na kusugua mawe kwa miguu kwa dakika 2, kisha anayainua makubwa na kuyapangusa kwa mkono ndani ya kinywa cha wavu. Kosa la kila mgeni ni kumwaga wavu mzima kwenye sinia kavu. Sinia litiwe maji kwanza, kimo cha vidole viwili, na takataka zimwagwe kidogokidogo. Baada ya hapo mikono itulie. Trikoptera hajitokezi mara moja. Ni baada ya dakika moja au mbili ndipo unaona kijiti kinatembea.

Kwanza hakikisha ni yeye. Lava wa trikoptera ana miguu sita kifuani, na mwisho wa tumbo ana viguu viwili, kila kimoja na ndoano moja. Papasi zake, vile vipembe vya kichwani, ni fupi kiasi cha kutoonekana kwa macho. Lava wa mbu-wasiouma hana miguu ya kweli kifuani. Kiwavi wa nondo wa majini ndiye anayedanganya watu, kwani naye hujifunika jani na hariri. Mgeuze, utamkuta ana viguu vifupi katikati ya tumbo vyenye duara la vindoano vidogo. Trikoptera katikati ya tumbo hana mguu wowote.

Hatua inayofuata ni kuhesabu mabamba magumu mgongoni mwa kifua. Kifua kina pingili tatu. Zikiwa zote tatu zina bamba gumu la kahawia, umebakiza familia chache. Kama tumbo lina matamvua ya kupumulia yaliyotawanyika kama matawi upande wa chini, na viguu vya mkiani vinaishia kwenye shada la nywele kama mswaki, huyo ni Hydropsychidae. Kama hana matamvua, ni mwembamba na hana kijumba cha kubeba, angalia Ecnomidae. Kama hana matamvua, ni mdogo wa milimita 5 au chini, tumbo limevimba na amejivika kifuko kilichobanwa pande mbili, ni Hydroptilidae. Hao wa mwisho hawana kifuko mpaka wafikie hatua ya mwisho ya ulava, kwa hiyo wadogo zaidi hupita machoni kama uchafu.

Sinia la leo lilijaa Hydropsychidae, kama yanavyojaa masinia mengi ya mito ya mawe Afrika Mashariki. Hapa inafaa kukaa kitako. Mlaze mmoja chali kwenye kisahani chenye ethanoli, chini ya lenzi. Kwenye shina la mguu wa mbele kuna kijibamba kidogo: kikigawanyika uma mbili, uko kwenye Hydropsyche au Cheumatopsyche. Sasa kirudishe kichwa nyuma kwa sindano, ngozi ya chini ya kifua cha mbele ivutike. Nyuma ya bamba la hapo kuna jozi ya vipande vya kahawia. Vikiwa vikubwa na vya wazi, ni Hydropsyche. Vikiwa vidogo mno, kama nukta mbili za penseli, ni Cheumatopsyche. Wengi wa jenasi hii pia wana pengo dogo katikati ya ukingo wa mbele wa uso. Kosa hutokea kichwa kinapoachwa kimeinama, ngozi ikajikunja na kuvificha vile vipande, mtu akaandika "vidogo" wakati hajaviona kabisa.

Macrostemum hana haja ya kugeuzwa. Utosi wake ni bapa, umezungukwa na ukingo ulioinuka wa umbo la U, na miguu ya mbele ina brashi nene ya nywele. Wavu wake una tundu ndogo mno ukilinganisha na wa Cheumatopsyche, naye hukaa ndani ya chumba cha mchanga chenye tundu la kuingizia maji.

Ukiwa bado unao hai kwenye sinia, sogeza mmoja karibu na mwingine. Hydropsychidae wana mistari myembamba chini ya kichwa, na hupitisha paja la mguu wa mbele juu yake kama mtu anayekwaruza kitana. Huo ni ugomvi wa kugombea kibanda. Sauti hutaisikia, mwendo wa mguu utauona.

Kwa wanaopima afya ya mto, kuwatenganisha hawa kuna uzito wake. Katika SASS ya Afrika Kusini, toleo la 5, mfumo wa kuupa mto alama kwa wadudu wake, ambao TARISS ya Tanzania imetokana nao, Hydropsychidae wa aina moja hupewa alama 4, wa aina mbili 6, na wakizidi aina mbili 12. Hakuna familia nyingine ya trikoptera ambapo jicho la mpimaji lina nguvu ya kiasi hicho. Mtego uko kwenye umri. Trikoptera wengi hupitia hatua tano za ulava, na kichwa huongezeka upana kwa kuruka, si polepole. Lava wa hatua ya tatu mwenye kichwa cheupe na wa hatua ya tano mwenye kichwa cheusi wanaonekana kama aina mbili wakati ni ndugu. Dawa yake ni kulinganisha wakubwa kwa wakubwa na kutotegemea rangi pekee. Tuliwapanga kwa upana wa kichwa kwanza, na moja ya "aina" zetu ikayeyuka.

Chupa hazikujazwa zaidi ya theluthi moja kwa wadudu. Mwili wa mdudu ni maji, na maji hayo huipunguza nguvu ethanoli. Inamwagwa na kubadilishwa baada ya saa 24.

Siku ya 3: Juu ya geti la Zigi

Kituo cha maelezo cha Zigi kimo katika nyumba ya zamani ya msimamizi wa stesheni, ya enzi za Wajerumani, reli ilipofika hapa kufuata mbao. Reli haipo tena; sisi tuliendelea kwa miguu.

Mto hapa ni mwembamba na wenye kivuli. Chini ya mawe makubwa palining'inia vifuko laini vya hariri kama vidole vya glavu iliyolowa. Ukiinua jiwe juu ya maji hunywea na kuwa kama kamasi, kwa hiyo wengi hawavioni. Ndani yake kuna Philopotamidae: mwili mweupe au wa manjano, kichwa cha rangi ya chungwa, bamba gumu kwenye pingili ya kwanza ya kifua tu. Alama yake ya uhakika ni mdomo wa juu, laini, mweupe, wenye umbo la herufi T. Tatizo ni kwamba akiingia kwenye ethanoli huurudisha ndani. Ama mtazame akiwa hai, ama msukume kidogo pembeni ya taya kwa sindano hadi utokeze. Kama ukingo wa mbele wa uso una pengo lisilolingana, upande mmoja umezama kuliko mwingine, ni Chimarra.

Familia nyingine zenye bamba moja tu, kama Polycentropodidae na Psychomyiidae, hazina mdomo huo wa T. Tinodes wa Psychomyiidae hujenga vichochoro vya mchanga juu ya jiwe, virefu na vya kupindapinda, kama njia za mchwa ukutani.

Kwenye kidimbwi cha pembeni, mchanga ulikuwa unatembea. Leptoceridae: kijumba chembamba cha mchanga, na miguu ya nyuma mirefu kupita mingine, inayochomoza kama makasia. Papasi zake, tofauti na trikoptera wengine, zinaonekana kwa lenzi.

Kijumba peke yake si kitambulisho. Vijumba vitupu hupangishwa, na lava wa mbu-wasiouma ni wapangaji hodari. Mwenye nyumba lazima atolewe: shika kijumba kwa koleo, ingiza sindano butu kwa nyuma, msukume taratibu. Ukimvuta kwa kichwa, ndoano za mkiani zitashikilia ukuta naye atakatika vipande viwili, ukabaki na nusu isiyotambulika.

Siku ya 4: Amani, kijito cha Dodwe, mchana na usiku

Amani iko kwenye kimo cha kama mita 900. Hapa ndipo Wajerumani walipoanzisha taasisi yao ya biolojia na kilimo mwaka 1902, na bustani ya mimea waliyoipanda bado inanukia mikarafuu. Kwa trikoptera kinachobadilika ni chakula: kivuli kikubwa, mwani mdogo, majani mengi. Basi ukiyaacha mawe na kuyafuata majani yaliyokwama kwenye mizizi, utakutana na watu wengine kabisa.

Majani hayasuguliwi. Yanainuliwa fungu zima kwa wavu uliowekwa chini yake, kisha yanaoshwa jani kwa jani kwenye ndoo. Walio ndani ni wenye vijumba, na hapa nyumba inasaidia, mradi uishuku.

Lepidostomatidae mkubwa hukata majani vipande vya mraba na kuvipanga ubavu kwa ubavu, kijumba kikawa na pembe nne kama sanduku refu. Akiwa mdogo hutumia mchanga, wa duara. Kwa hiyo kuna umri ambapo kijumba kimoja kina nusu ya nyuma ya mchanga na nusu ya mbele ya majani, na mtu asiyejua humwandika kama jenasi mpya. Chini ya lenzi angalia papasi: imebanana na jicho kabisa. Pingili ya kwanza ya tumbo ina vinundu pembeni, lakini mgongoni hana.

Calamoceratidae wa jenasi ya Anisocentropus hana subira ya kupanga vipande. Hukata vipande viwili vya jani, cha juu kikubwa na cha chini kidogo, akajibana katikati kama mtu aliyejifunika mkeka. Alama yake ni safu ya nywele ngumu iliyovuka mdomo wa juu kutoka upande hadi upande.

Pisuliidae ndio wa kutafutwa, kwa kuwa familia hii iko Afrika kusini mwa Sahara na Madagaska tu. Kijumba ni cha majani nacho, lakini ukikikata katikati kina pembe tatu badala ya nne. Hesabu pembe kabla hujakitia kwenye ethanoli. Kikilainika, tatu na nne hufanana.

Upande wa pili, kuna majina ambayo hayastahili kuonekana kwenye daftari la Usambara. Vitabu vingi vya kutambulia vimeandikwa Ulaya na Marekani, na anayevifuata neno kwa neno huishia kwenye Limnephilidae au Rhyacophilidae. Familia hizo hazipo kusini mwa Sahara. Ukifika huko, rudi nyuma hatua mbili kwenye ufunguo, yaani ile orodha ya maswali ya kutambulia.

Jua lilizama, shuka likafungwa kati ya miti miwili, mita 3 kutoka majini. Usiku ulikuwa wa giza la mwezi, na tarehe ilichaguliwa hivyo makusudi, kwani mbalamwezi huiua nguvu taa. Sinia lenye ethanoli kimo cha sentimita moja lilikaa chini ya taa, kwa ajili ya wadogo. Waliotua kwenye shuka walichukuliwa kwa chupa. Saa mbili za mwanzo ndizo zenye wingi. Baada ya hapo ukungu wa Amani ulishuka na idadi ikaanguka. Kila robo saa nondo na mende wanatolewa kwenye sinia: magamba ya nondo huganda mwilini mwa trikoptera, na mende hukata miguu ya wenzake akitapatapa. Miguu hiyo ndiyo utakayohesabu kesho.

Mambo matatu yanaangaliwa kwa aliyekomaa, kwa mpangilio huu.

Kwanza oseli, vile vijicho vitatu vinavyong'aa kama matone utosini, kati ya macho makubwa. Chimarra anavyo. Hydropsychidae, Leptoceridae, Ecnomidae na Lepidostomatidae hawana. Manyoya ya utosi huvificha, kwa hiyo piga mwanga kwa upande.

Pili vijipapasi vya taya. Kama pingili ya tano ni ndefu, laini, yenye pete nyingi kama mnyororo, uko upande wa Hydropsychidae, Philopotamidae, Ecnomidae na jamaa zao. Kwa dume wa Lepidostoma vimefupishwa na kukunjwa usoni, mpaka unadhani mdudu amevunjika.

Tatu miiba ya miundi. Huandikwa kwa tarakimu tatu, mguu wa mbele, wa kati, wa nyuma. Chimarra ni 1-4-4. Cheumatopsyche 2-4-4. Ecnomus 3-4-4. Hydroptila 0-2-4. Mwiba hukaa kwenye kishimo chake na ni mkubwa kuliko nywele ngumu zilizouzunguka. Ukidondoka kishimo hubaki, nacho huhesabiwa. Wanaoanza huhesabu nywele kama miiba, au hukosa miiba miwili ya katikati ya muundi wakitazama ncha tu.

Hesabu hiyo ndiyo ilitatua mabishano ya shukani. Alitua mmoja mwenye papasi zinazozidi urefu wa bawa kwa mara mbili, mabawa ya manjano yenye mabaka ya kahawia. Papasi ndefu, kila mtu akasema Leptoceridae. Lakini Macrostemum naye ana papasi ndefu. Mguu wa kati ukahesabiwa: Leptoceridae ana miiba miwili tu, ya nchani. Huyu alikuwa na minne. Macrostemum.

Siku ya 5: Pupa

Siku nzima ya kubandua. Pupa wa Hydropsychidae hukaa chini ya kibanda cha changarawe kilichogandishwa kwenye jiwe, kama nusu ya choroko iliyokwama. Kisu kinaingizwa kwa chini, kibanda kinatoka kizima, kinageuzwa.

Unachokitafuta ni pupa pevu. Macho meusi, mabawa yaliyokunjwa yamekwishaiva rangi, na kupitia ngozi nyembamba ya mkiani unaona viungo vya uzazi vya dume vikiwa tayari. Sasa angalia nyuma ya kifukohariri alimolala. Kuna kitu kimefinyangwa kama ganda la punje ya mtama. Hilo ni vazi alilovua: bamba la uso, mabamba ya kifua, kucha, yote ya lava. Kwenye kibanda hicho kimoja mdudu ameacha picha ya utoto wake na ya utu uzima wake. Hapo ndipo lava asiye na jina anapopata jina bila kubahatisha.

Kwa hiyo pupa na vazi lake havitenganishwi. Chupa moja, pupa mmoja, vazi lake, basi. Ukiweka pupa wawili pamoja, mavazi yakachanganyika, kazi ya siku imepotea. Baadhi ya wenye vijumba hulitupa vazi nje ya nyumba, kwa hao njia hii haitoi kitu na lazima uwafuge.

Walio na macho bado mekundu tuliwaacha hai: kikombe, maji ya mto hadi nusu, jiwe dogo la kupandia, chandarua juu, kisanduku cha barafu kisicho na barafu ila kitambaa kibichi. Maji hubadilishwa asubuhi na jioni. Wengi hufa kwa joto na uhaba wa oksijeni kabla ya kutoka, kwa hiyo wafugwe wengi.

Siku ya 6: Mezani

Hadubini, potasiamu haidroksaidi ya asilimia 10, glavu na miwani. Madume yanatengwa kwa kuangalia ncha ya tumbo: dume ana viambata viwili vya kushikia vilivyochomoza kama koleo, jike ncha yake ni laini. Kwa Hydropsychidae wengi jike hujitambulisha pia kwa miguu ya kati iliyopanuka kama kasia.

Tumbo linakatwa kwa mkasi mdogo nyuma ya pingili ya tatu au ya nne na kuzamishwa kwenye dawa. Kwa ubaridi linalala usiku kucha. Kwa haraka, kichupa kinawekwa kwenye maji ya moto, chini kidogo ya kuchemka, dakika 15 hadi 30. Misuli inayeyuka, ngozi inabaki. Hydroptilidae anahitaji muda mfupi zaidi, na hatakiwi kuachwa bila mtu: akizidi anakuwa kama nailoni, kingo zote zinapotea na hakuna cha kuchora. Ambaye hajaiva ana wingu jeupe ndani, linalofunika kiungo cha kati. Ni afadhali kumtoa mapema ukamrudisha.

Mabaki hukamuliwa kwa kubonyeza tumbo taratibu ndani ya maji. Kisha maji yenye matone machache ya siki, kuzima dawa, kisha gliserini kwenye kisahani chenye kishimo. Wasio na haraka hutumia asidi laktiki badala ya potasiamu. Ni pole zaidi kwa wadogo.

Mchoro ni wa pande tatu: ubavuni, juu, chini. Kwa Cheumatopsyche macho yawe kwenye pingili ya kumi, namna ndewe zake zinavyoinuka au kulala, na kwenye kipande cha mwisho cha kile kiambata cha kushikia, kama ni kifupi butu au kirefu kilichochongoka. Kwa Chimarra jina mara nyingi liko ndani ya uume wenyewe, kwenye idadi na urefu wa miiba iliyofichwa humo, na ndiyo sababu tumbo lisilosafishwa halina maana. Makosa mengi ya majina hutoka kwenye pembe ya kutazamia. Tumbo likilala upande kwa nyuzi 20 tu, kiambata kirefu huonekana kifupi, na mchoro wako unafanana na spishi ya jirani. Kipande kidogo cha pamba chini ya gliserini hulishika tumbo lisizunguke.

Tumbo likimalizika huingia kwenye kijichupa chenye gliserini, na kijichupa ndani ya chupa ya mwenye mwili. Tumbo lisilo na mwenyewe ni takataka.

Siku ya 7: Lebo

Lebo huandikwa kwa penseli na kuingizwa ndani. Wino wa kalamu hutoka kwenye ethanoli, na maandishi ya nje ya chupa hufutika kwa tone moja linalovuja. Ya Dodwe ilisomeka hivi: Tanzania, Tanga, Muheza, Amani, kijito cha Dodwe, 5°06′S 38°38′E, mita 900, mtego wa taa, tarehe, mkusanyaji. Jina la mdudu liko kwenye karatasi ya pili, kwa sababu mahali hapabadiliki na jina linaweza kubadilika.

Chupa za lava zilibaki na jenasi, isipokuwa zile za Cheumatopsyche zilizooana na pupa. Majike yote ya Chimarra yaliandikwa Chimarra sp. (spishi haijajulikana), jike, yakafungwa pamoja na madume ya usiku uleule.